Mkono Chini ya Swichi Kuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilibebeshwa ngazi. Nilikuwa nimetembea kwa siku kadhaa kutoka kwetu, karibu na Kolandoto, hadi vilima vya Geita, ambako mgodi wa dhahabu ndio kwanza ulikuwa unajengwa. Msimamizi wa vibarua alitazama urefu wangu akasema, "Huyu ngazi haitamshinda. Mpelekeni kwa watu wa umeme." Mimi sikujua umeme mwingine zaidi ya ule wa radi. Nilidhani napelekwa kwa waganga wa mvua.

Shule niliiacha darasa la pili, mama alipotufia. Baba alikuwa ametangulia. Mimi ndiye mkubwa, na nyuma yangu walikuwa pacha, Kulwa na Doto, wasichana wa miaka sita. Niliwaacha kwa shangazi. Asubuhi ya kuondoka Kulwa alishika ncha ya shuka langu akauliza, "Kaka, utatuita lini?"

"Nikipata nyumba," nikasema. Sikujua nyumba hupatikanaje, lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Mkuu wa Umeme alikuwa Mzungu mwembamba tuliyemwita Bwana Haraka, maana hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua kuliko yote. Chini yake alikuwepo Fundi Abdallah, mtu wa Tabora, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umewahi kushika bisibisi?"

"Hapana."

"Umewahi kushika nini basi?"

"Jembe. Na fimbo ya ng'ombe."

"Haya, mchunga ng'ombe, leo utachunga ngazi. Nayo ina miguu, isikukimbie."

Ninyi mnaofunga umeme leo hamtaamini vifaa vyetu. Umeme ulitoka kwenye injini mbili za mvuke bondeni, zilizokula kuni mchana kutwa, ukapanda mlimani hadi kwenye nyumba za wakubwa. Kambi yetu vibarua haikuwa na hata taa moja. Kila nyumba, kitu cha kwanza kufungwa kilikuwa swichi kuu, ile inayokata umeme wote wa nyumba kwa mara moja. Zetu zilikuja zikiwa zimekwisha kutumika kwingine: kibao cha jiwe jeusi, na juu yake visu viwili vya shaba vyenye mpini mmoja wa mti. Visu vikiingia kwenye midomo yake, umeme unapita. Ukivuta mpini vinatoka, na nyumba nzima inazimika.

Fundi Abdallah alinifundisha polepole. Kwanza ubao wa mninga ukutani, unyooshwe kwa timazi. Kisha kibao cha jiwe kwa skrubu nne, na usikaze moja hadi mwisho kabla ya wenzake, jiwe litapasuka. Waya unaotoka kwenye injini uingie upande wa midomo, ili visu vikitoka visibaki na umeme. Na midomo ikae juu.

"Kwa nini juu?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Akauvuta mpini, akauachia. Ukaanguka, ukaning'inia.

"Siku moja hizi bawaba zinazoshika visu huku chini zitalegea. Zikilegea, mpini uangukie upande wa kuzima."

Nilishika kazi. Bwana Haraka akaniahidi kwamba mvua zikiisha nitaandikwa fundi msaidizi. Fundi msaidizi alipewa chumba cha bati na ruhusa ya kuishi na watu wake. Siku hiyo hiyo nilimtafuta mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa akitoka Nkome kwenda Shinyanga. Nikamwambia, "Ukifika kwetu, mwambie Kulwa nyumba imepatikana."

Mwezi ule zilimalizika nyumba nne mpya. Zile za mwanzo zilipokea umeme kutoka juu ya nguzo, lakini kwa hizi waya ulizikwa ardhini ukachomoza chini ya ukuta. Fundi Abdallah alikuwa kitandani na homa. Nikasimama mbele ya ukuta nikiwaza: waya unatoka chini, na midomo ndiyo inayopokea waya. Basi nikageuza kibao juu chini, midomo ikaangalia sakafu. Waya ukawa mfupi, kazi ikawa safi. Nilijisifu moyoni. Bwana Haraka alichungulia mlangoni akasema, "Vizuri. Haraka!" Nikafunga zote nne namna ile.

Fundi alipopona tuliitwa nyumba ya pili kati ya zile nne, taa ya sebuleni ilikuwa imegoma. Akaniambia, "Zima," akapanda ngazi akaingia darini. Ubao hakuutazama. Aliniamini. Mimi nikasukuma mpini juu, visu vikatoka.

Ndipo kinu cha kusaga mawe kilipoanza tena baada ya mapumziko ya mchana. Vyuma vyake vilipanda na kushuka, na kila vilipotua mlima ulitetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Nikaona mpini unatikisa kichwa. Ukashuka kidogo. Ukasimama. Ukashuka tena.

Kwetu tulitega panya wa shambani kwa jiwe bapa lililoegemezwa kijiti. Niliutambua mtego wangu.

Nikapeleka mkono chini ya mpini, nikauinua na kuushikilia.

"Fundi, shuka."

"Bado. Nimeshika waya wazi hapa."

"Achia, fundi, shuka!"

"Kwani umeona nyoka?"

"Shuka kwanza, baba, nakuomba."

Sikuwahi kumwita hivyo. Nikasikia magoti yake yakitambaa juu ya mbao. Alishuka na utando wa buibui kwenye kofia. Akautazama mkono wangu, akaitazama midomo iliyoangalia chini. Akaketi kwenye kipawa cha ngazi.

"Ziko ngapi hivi?"

"Nne."

Kuzigeuza kulihitaji kuzima laini yote ya mlimani, na aliyeweza kuamuru hivyo ni Bwana Haraka peke yake. Tulipokuwa tukiteremka kwenda ofisini Fundi alisema, "Nitasema nimefunga mimi. Mimi niliandikwa zamani, atafoka tu. Wewe una watoto wanaosubiri."

Niliona chumba cha bati, nikaona na mikeka miwili nitakayotandika. Nakiri kwamba hadi mlangoni nilikusudia kunyamaza.

"Nani weka?" akauliza Bwana Haraka.

Fundi Abdallah akafungua mdomo. Utando wa buibui ulikuwa bado kwenye kofia yake.

"Mimi, bwana," nikasema. "Fundi alikuwa mgonjwa."

Bwana Haraka alinitazama kwa muda mrefu, jambo ambalo hakulizoea. "Leo, geuza yote. Kesho wewe, kuni."

Tukazungusha waya ukapanda hadi juu ya kila kibao, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kesho yake nikawa mpasua kuni wa injini, na mpasua kuni hana chumba. Nilimsubiri mchuuzi wa samaki barabarani. "Mwambie Kulwa, bado."

Alirudi na karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye kitambaa. "Kasema mwambie kaka, sisi hatuna haraka." Nilipomsimulia Fundi Abdallah alicheka hadi akajifuta machozi. "Huyo mtoto ndiye angekuwa Mkuu wa Umeme!"

Fundi alinijia kila mchana kwenye rundo la kuni, na swichi mbovu mfukoni. "Funga," husema, nami hufunga kwenye kisiki. Kisha huupiga mpini kwa gogo ili aone unaangukia wapi. Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha niliandikwa fundi msaidizi. Shangazi aliwaleta pacha kwa miguu, wamevimba nyayo. Doto akakagua chumba pande zote akauliza umeme uko wapi. "Kwetu haujafika," nikamwambia. Jioni Fundi Abdallah akatuletea koroboi.

Baada ya mgodi nilifanya kazi kwenye kinu cha pamba Shinyanga, chini ya meneja aliyepiga mluzi siku nzima, kisha hospitalini chini ya daktari mkuu aliyetaka kujua jina la kila waya. Nilistaafu nikiwa nimefunga swichi kuu nisizoweza kuhesabu. Hata moja haikuwa ya nyumba yangu.

Umeme umetufikia mwaka huu. Kijana aliyekuja kufunga ana adabu, aliniamkia kabla ya kutua mfuko wake. Nilimwomba aizime na kuiwasha ile swichi mara kadhaa nitazame. Akacheka. "Babu, za siku hizi ziko ndani ya boksi, hazianguki zenyewe."

"Najua, mwanangu. Fanya tu nione."

Akaizima, akapanda darini. Kulwa, ambaye sasa ana mvi kunishinda, alitoka jikoni akiburuta kigoda, akakiweka chini ya boksi akakaa. Hakuna aliyemtuma. Akauinua mkono wake, akauweka pale kwenye swichi, akautuliza.

"Bibi, haina haja!" kijana akasema, akichungulia kutoka juu.

"Fanya kazi yako, baba," Kulwa akamjibu. "Mimi nipo hapa mpaka ushuke."