Jina la Mtu Lisafiri na Ombi Lake

Ile siku ya mnada wa mifugo wa Ikutha, mwanangu, naikumbuka kwa mbavu kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Nikiinama kufunga viatu, iko hapo. Nikicheka sana, iko hapo. Kwa hivyo usiniulize kama nimesahau. Nakuandikia wewe unayejifunza kuandika programu, ili ukiwa umekaa kwenye kiti upate kile nilichokipata mimi nikiwa chini ya mateke.

Shule yangu iliishia darasa la nane. Kompyuta nilijifunzia Tawa, dukani kwa Kioko. Nilianza kwa kufagia, nikaja kwa nyaya, kisha nikaanza kusoma Java, lugha ya kuandikia programu, kidogo kidogo kwenye mashine ambazo wenyewe walichelewa kuzichukua. Jina la Kioko nalitaja, kwa sababu yeye langu alilitaja mbele ya umati. Ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza sistimu ya soko la mifugo, na ndiye aliyeiandika. Mimi nilikuwa wa kuvuta nyaya na kuwasha mashine.

Sistimu yenyewe ilikuwa rahisi. Mnunuzi anafika kwa karani, anasema jina lake. Anaenda kwa daktari wa mifugo, mbuzi wanakaguliwa, daktari anaandika namba ya lori na kubonyeza kukubali. Hapo jina na lori vinaunganishwa, na askari wa kizuizi cha barabarani, hapo kwenye njia ya kutokea sokoni, akiangalia mashine yake anaona mzigo ni wa nani. Kazi hiyo yote ilifanywa na servlet, yaani kile kipande cha programu ya Java kinachopokea maombi ya watu na kuyajibu. Servlet ni moja, watu ni wengi. Hilo ulishike, maana ndipo Kioko alipoharibu. Jina likishatoka kwa karani, likiwa linangoja kufika kwa daktari, alilihifadhi ndani ya servlet yenyewe, mahali pamoja pa watu wote. Alijaribu dukani akiwa peke yake, ikafanya kazi, akapongezwa.

Siku ya mnada kulikuwa na makarani wawili, na mimi na Kioko tulikuwa na meza yetu kando yao. Mzee Adan, mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka kaskazini mashariki na kuishi Ikutha miaka mingi, alitoa jina lake kwa karani wa kwanza, akaenda mbuzi wake wakaguliwe. Kabla daktari hajabonyeza, mnunuzi mwingine kutoka Nunguni, anaitwa Nzomo, akatoa lake kwa karani wa pili. Daktari akabonyeza, na hakuna aliyeona kitu. Lori la Mzee Adan likafika kizuizini, na mashine ya askari ikasema mzigo ni wa Nzomo.

Sasa Nzomo alijua mbuzi wake hata hawajapakiwa. Alijua, mwanangu. Lakini aliona mashine iko upande wake, akapaza sauti.

"Hizo ni zangu! Kompyuta inasema ni zangu! Ama nayo inadanganya?"

"Nzomo, wacha mchezo," Mzee Adan akamwambia. "Hawa nimenunua asubuhi, wewe ukiwa hapo unakunywa chai."

"Mimi sijui, mzee. Uliza mashine."

Sokoni neno mwizi halikawii. Mmoja akasema lori lichomwe. Mwingine akasema jina limebadilishwa, na wa kubadilisha majina ni wale wa kompyuta, wamekula hongo ya mtu. Wakaja mezani kwetu. Kioko hakungoja hata kuulizwa vizuri.

"Mimi ni wa ofisi tu," akasema, kidole kikiwa kwangu. "Fundi ni huyu Muthama. Yeye ndiye anashika majina."

Wakanishika. Siwezi kukueleza mengi, vumbi lilinijaa macho. Kiatu kimoja nilikijua. Kilikuwa cha mtu tuliyeimba naye kanisani Jumapili iliyotangulia. Kisha nikaona kivuli juu yangu. Mzee Adan alikuwa amesimama, mguu mmoja huku na mwingine kule, mimi katikati. Yeye mwenyewe walikuwa wanamwita mwizi, angeweza kabisa kuponea hapo kwa kuniacha.

"Mkimuua huyu," akawaambia, "nani atatuonyesha mbuzi ni za nani? Nyinyi mnajua kusoma hiyo mashine?"

Wakarudi nyuma kidogo. Chifu akafika akihema, akasema tutoe maelezo hapo hapo, la sivyo mzigo anapewa Nzomo na mimi na Mzee Adan tunaenda ndani. Mzee Adan akaninyanyua, akanikalisha kwenye kiti cha karani. Pole hakunipa.

"Kijana, nilisema jina langu hapa. Nililisema vizuri. Mmelipeleka wapi?"

"Mzee, si mimi niliandika hii kitu. Ni Kioko."

"Sijauliza nani aliandika. Nimeuliza jina langu liko wapi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mateke. Akaendelea, sasa kwa upole: "Kwetu mchungaji mmoja anachunga mbuzi za nyumba nyingi. Rangi ya kila nyumba tunapaka wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Kwa nini hatupaki mchungaji?"

"Si angekuwa mrembo!" akadakia Mama Mwende, muuza chai, na watu wawili watatu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona. Sisi tulikuwa tumempaka mchungaji. Kila aliyekuja alimpaka rangi yake juu ya ile ya mwenzake.

Nikamwomba chifu akae kwa karani wa kwanza, na Mama Mwende kwa wa pili, tuwasajili kama wanunuzi. Chifu akatoa jina, daktari akaandika namba ya lori ya kubuni, akabonyeza, na jina la chifu likatoka sawasawa kwa askari. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Si mnaona? Mmalizeni." Mzee Adan akainua mkono.

"Sisi hatukungojeana namna hiyo. Mimi nilikuwa bado kwa daktari, Nzomo akaingia."

Tukarudia. Chifu akatoa jina. Mama Mwende akatoa lake. Ndipo daktari akambonyezea chifu. Askari akatazama mashine yake, akatutazama, akatazama tena.

"Asi! Lori ya chifu inasema ni ya Mama Mwende."

"Basi chifu, njoo uoshe vikombe!" Mama Mwende akapiga kelele, na soko zima likaangua kicheko. Hicho kicheko ndicho kilichoniokoa. Mtu akishacheka namna hiyo ni vigumu kuokota jiwe. Nzomo akasema alikuwa anatania tu, akapotelea upande wa ng'ombe. Kioko naye sikumwona tena siku hiyo, na pole yake mpaka leo sijaisikia.

Lori likafunguliwa njia. Mzee Adan alikuwa anangojewa na wateja wake, na mbuzi walikuwa wamekaa juani vya kutosha. Akanipandisha mbele karibu na dereva, akanipitisha hospitali kwanza, akakaa nami mpaka daktari aliposema mbavu zitaunga. Muvea, asante sana, mzee wangu. Nikihesabu watu walionipa maisha, wewe uko karibu na mama yangu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu kinachobadilika kwa kila mtu, iwe jina, namba au alichochagua, usikiweke ndani ya servlet. Jina la soko linaweza kukaa pale pa wote, ni moja kwa kila mtu. La mnunuzi, hapana. Servlet moja ikikabidhi kazi kwa nyingine katika ombi lile lile, libebeshe ombi lenyewe: weka kwa setAttribute, na anayepokea achukue kwa getAttribute. Safari ikikatika, kama mtu anatoka kwa karani kwenda kwa daktari, mpe namba yake mwenyewe, hifadhi mambo yake chini ya namba hiyo, na namba ndiyo isafiri kwenye anwani ya ukurasa. Ikifika usiiamini hivi hivi. Angalia kama anayeileta ana haki nayo. Session nayo, ile kumbukumbu ambayo seva humwekea kila anayeingia, usiigeuze gunia la kila kitu, kwani karani akifungua madirisha mawili kwa wateja wawili, watachanganyika humo humo. Na usijaribu kazi yako ukiwa peke yako ukajisifu. Ita mwenzako, muingie pamoja, mkatane njiani.

Kitu kikiharibika, tafuta kwanza jina la mtu limepotelea wapi. Wa kulaumiwa utamtaja baadaye, kama mimi nilivyowataja, na sijutii.

Mungu akubariki macho na vidole. Akuepushe na bosi wa kukuelekezea kidole, akukutanishe na mtu wa kukuuliza swali linalofaa. Na kila atakayekukabidhi jina lake, alikute upande wa pili likiwa bado ni lake.