Punje Nyeupe kwenye Sufuria ya Maziwa

Mama yangu hunusa pombe kabla chupa haijafunguliwa. Simlaumu. Baba alikunywa chang'aa hadi ikammaliza, na ilichukua muda mrefu sana kummaliza, mama akiwa pale pale kando ya kitanda akibadilisha shuka na kuomba. Tulipomzika, mama alirudi nyumbani akaanza kufagia. Alifagia kila kitu chenye harufu ile. Dawa ya kikohozi ilirudishwa dukani kwa sababu alisoma maandishi ya nyuma. Keki ya shangazi ya Krismasi ilipewa kuku, ati ilikuwa na kitu ndani. Wakati wa korona alikataa kabisa ile dawa ya kupaka mikononi, akasema inanuka kama baa ya sokoni, na yeye angenawa kwa sabuni hadi Bwana arudi.

Kwa hiyo ningepaswa kujua. Mtu aliyezaliwa nyumba ile, upande wa Endebess, haweki chupa iliyoandikwa ethanoli kwenye friji ya mama yake kisha akaenda zake Kitale.

Lakini niliiweka, na sababu nilikuwa nayo. Nilikuwa nasomea shahada ya pili chuoni, karibu na Bungoma, na kazi yangu ilikuwa kutafuta kitu kimoja ndani ya dang'a, yale maziwa mazito ya njano ambayo ng'ombe hutoa akishazaa. Ndani ya dang'a kuna protini nyingi, na moja yao, laktoferini, humlinda ndama dhidi ya vijidudu kabla mwili wake haujajifunza kujilinda. Mimi nilitaka kuitenga hiyo peke yake, safi, isiyo na wenzake.

Kinachofanya kazi hiyo ni resini. Ukiiona utadhani ni unga wa muhogo uliolowa maji, kumbe ni punje ndogo mno, za mviringo, zilizotengenezwa kwa kitu kinachotokana na mwani wa baharini. Unazijaza kwenye bomba la kioo lililosimama wima, kisha unapitisha maji ya maziwa juu yake. Kila mtu aliyewahi kukatiza shamba la mahindi baada ya mavuno anajua kishona nguo: nyasi zote zinakuachia upite, lakini chenyewe kinang'ang'ania sketi hadi nyumbani. Punje zile ndivyo zinavyoishika laktoferini. Protini nyingine zinapita. Ukimaliza unamimina maji ya chumvi, nayo inaachia.

Resini yangu ya kwanza ilikuwa imekufa. Ilizibwa na mafuta ya maziwa, na nikakaa karibu muhula mzima sina la kufanya, nikiwaona wenzangu wakimaliza. Msimamizi wangu, mzee mmoja mpole wa Bungoma anayemwita kila mwanamke "mayi", aliomba huku na huku mpaka rafiki yake wa Kitale akakubali kutupa chupa moja iliyobaki kwake.

"Mayi, sikia," aliniambia kwa simu. "Hiyo ndiyo ya mwisho. Ikae ndani ya hiyo spiriti yake, hiyo ethanoli, isiote ukungu. Na usiikaushe, bana. Ikikauka zile punje zinapasuka, na masomo yako yamepasuka nayo. Hakuna ingine."

Ikatokea kwamba wiki ile ile ng'ombe wa mama alizaa. Nikaona Mungu ananipangia. Nilichukua chupa Kitale, nikapitia nyumbani, nikakuta mama yuko zizini na mikono imejaa matope. Nilimwomba dang'a.

"Ndama kwanza, chuo baadaye," alisema bila kuinua kichwa. "Akishiba utapewa."

Alikuwa ananiita "maitu" siku ile, nakumbuka. Mimi nimepewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu sisi ambao babu zetu walitoka Nyeri, na kwa hiyo kwake mimi ni maitu, yaani mama. Nikienda Bungoma naitwa mayi, nikirudi nyumbani naitwa maitu. Kaunti mbili zimekubaliana kwamba mimi ni mama, na sina hata mtoto wa kusingiziwa.

Nikaisukuma chupa nyuma kabisa ya friji, nikijiambia nitamweleza tukila. Tulipokula alikuwa amechoka, akalala. Asubuhi ndama alishiba, dang'a ikakamuliwa, nami nikaenda mjini Kitale kutafuta barafu na sanduku la kuibebea ili isiharibike njiani. Haraka haraka haina baraka. Nilisahau kusema lolote.

Niliporudi niliona viatu. Viatu vya kina mama wa kanisa, vimepangwa mlangoni jozi kwa jozi, vile vya ngozi vya ibada, siyo sandali za shamba. Kwetu, kina mama wa kikundi wakija nyumbani na viatu vya ibada siku ya kawaida, ni mambo mawili tu: kuna maiti au kuna mlevi. Nikasikia wanaimba, na wimbo haukuwa wa msiba.

Niliingia. Mama alikuwa kwenye kochi, amejifunika kanga mabegani, macho mekundu. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alisimama. Na pale mezani, juu ya kitambaa kilichofumwa, kando ya Biblia, ilikuwa chupa yangu.

Tupu.

Ilikuwa imeoshwa hadi inang'aa, imepinduliwa mdomo chini. Niliiweka chini barafu niliyokuwa nimebeba.

"Keti hapa, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Hakuna anayekuhukumu. Hata sisi wengine tumezaa."

"Mami," nilisema, "ile kitu ilikuwa ndani iko wapi?"

"Nimemwaga!" Mama alilipuka. "Nimemwaga yote kwa choo! Wewe msichana, ulifikiri sijui kusoma? Imeandikwa ethanoli, imechorwa hata moto! Baba yako hakukutosha?"

Kina mama wakasema "Ooh Yesu" kwa pamoja. Mimi niliichukua chupa, nikachungulia ndani. Sikuwaza ulevi wala aibu. Niliwaza shimo la choo, na ndani yake shahada yangu yote.

"Yote? Na ile nyeupe iliyotulia chini?"

"Unaona sasa!" Mwenyekiti aliwageukia wenzake. "Ameshikwa kabisa. Anaulizia hata machicha."

"Mami, tafadhali. Ile nyeupe."

Mama alinitazama kwa uchungu ambao siwezi kuusahau, akajifuta pua kwa kanga. "Hiyo nimewekea pasta. Anakuja saa kumi. Nilitaka aone kwa macho yake, asije akasema nakusingizia."

"Umeiweka wapi?"

"Kwa sufuria."

Nilikimbia jikoni. Kwenye pembe ya sinki ilikuwa sufuria ya maziwa, imefunikwa sahani. Niliogopa kuifunua. Niliwaza joto la jiko, niliwaza saa nyingi nilizozunguka mjini, niliwaza uji uliokauka ukawa ngozi. Nikainua sahani.

Ilikuwa imejaa maji hadi katikati. Chini, punje zangu zimetulia, nyeupe, laini, zimelowa.

"Mami!" niliita, na sauti ilitoka kama ya mtoto. "Uliweka maji?"

Alikuwa amenifuata hadi mlangoni, na kina mama wote nyuma yake wakichungulia. "Si lazima niweke maji? Unataka igande kwa sufuria yangu? Nilioshaosha hiyo takataka kwanza itoke harufu, mara nyingi sana, halafu nikailoweka. Wewe umelelewa wapi?"

Nimelelewa pale pale. Katika nyumba ile sufuria haikauki. Iwe ya ugali, iwe ya uji, iwe ya maziwa, ikishapakuliwa inalowekwa, na mimi nilichapwa si mara moja kwa kuacha ukoko ukauke. Utoto wangu wote niliichukia sheria ile.

"Na sabuni? Uliweka sabuni?"

"Nitaweka sabuni aje, na pasta hajaona?"

Niliketi sakafuni pale jikoni nikacheka, kisha nikalia, kisha nikafanya yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo halikunisaidia sana mbele ya wale waliokuwa tayari wanaamini nimelewa. Mwenyekiti aliinama, akaniambia nipumue. Nikampumulia. Alinusa, akafikiri, akanusa tena.

"Ni ndizi," alitangaza.

Nilianza kueleza. Nilieleza punje, na maji ya chumvi, na kwamba ile spiriti ni ya kuzuia ukungu tu, kwamba hata kama mama hangeimwaga, mimi mwenyewe ningeimwaga na kuziosha punje kwa maji kabla ya kuzitumia. Kina mama walisikiliza kwa heshima. Pasta alipofika alikuta wanakunywa chai, akaombea ndama, akaombea chuo, akaondoka na mayai. Lakini mama hakuridhika. Aliniangalia nikizirudisha punje kwenye chupa, na maji yake, na akasema, "Jumatatu tunaenda pamoja. Nitaona mwenyewe." Hakuniita maitu.

Nilimwelewa. Baba pia alikuwa na maelezo. Alikuwa na maelezo mazuri kuliko yangu.

Basi Jumatatu mama aliketi kwenye kiti kirefu cha maabara, mkoba wake umebanwa mapajani, amevaa viatu vya ibada. Msimamizi wangu alimkaribisha kwa mikono miwili, "Karibu, mayi, karibu sana," akasikiliza kisa chote, na nilimwona akijiuma mdomo asicheke. Alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini, akaangalia muda mrefu. Nilisimama nyuma yake nikishika kiti.

"Ziko nzima," alisema mwishowe. "Mviringo kabisa. Lakini zimelala kwa sufuria ya maziwa, na maziwa ina mafuta. Sasa tuone kama bado zinashika."

Hilo ndilo lililobaki. Tulizijaza kwenye bomba, tukazipitishia maji. Dang'a ya ng'ombe wetu tulikuwa tumeshaitoa mafuta na kuigandisha kwa asidi, tukachuja, tukabaki na maji ya njano. Nikayamimina juu. Yalianza kushuka, tone moja moja, yakatokea chini yakiwa njano vilevile, na juu ya punje sikuona kitu. Mama alikuwa ananiangalia mimi, siyo bomba. Nadhani alikuwa anausoma uso wangu jinsi alivyousoma uso wa baba alipokuwa akirudi jioni, kujua ni habari gani zinaingia.

Kisha juu kabisa ya punje nyeupe pakatokea rangi. Hafifu kwanza, nikadhani ni macho yangu. Ikaendelea kukolea hadi ikawa waridi, rangi ya laktoferini yenyewe, utepe mwembamba wa waridi uliokaa pale pale huku njano ikipita. Nilisikia msimamizi wangu akivuta pumzi.

"Imeshika," alisema. "Mayi, imeshika!"

Nilipiga yowe. Wanafunzi wa chumba cha pili walikuja mbio wakidhani kuna kitu kimemwagika. Sikumbuki kufurahi vile tena maishani, na sioni haya kusema hivyo. Mzigo wote wa muhula ule ulianguka kutoka mabegani mwangu, nikahisi hata shingo imerefuka.

Mama alishuka kwenye kiti, akasogea karibu na kioo. "Hii ni ya ng'ombe wetu?"

"Ya ng'ombe wetu."

"Na imetoka peke yake, ikaacha zingine?"

"Ndiyo, Mami."

Aliangalia sana. Msimamizi alikuwa ameenda kuchanganya maji ya chumvi, na tulikuwa sisi wawili. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu ya nyumbani, "Hii ingeweza kutoa pombe kwa damu ya mtu?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. "Hapana," nilisema. "Pombe haishikiki hivi. Hii inashika protini tu."

"Una hakika? Hata wakati ule haingeweza?"

"Hata wakati ule. Hakuna hospitali iliyokuwa nayo, Mami. Haipo."

Aliachia pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka chini ya sweta, kama yangu yalivyoshuka muda mfupi kabla. "Sawa," alisema. "Nilitaka tu kujua isije ikawa ilikuwepo na mimi sikuuliza."

Nilimshika mkono. Tukakaa hivyo hadi chumvi ikaja, tukaitazama ile waridi ikiachia na kushuka taratibu hadi kwenye chupa ndogo iliyoisubiri chini.

Kazi ilipokwisha niliziosha punje, nikazirudisha kwenye chupa yao. Kilichobaki ni kuzitia spiriti, zikae salama hadi nitakapozihitaji tena. Nilichukua mtungi wa ethanoli, harufu ikapanda, na nikasita, nikamgeukia mama nimwambie atoke nje kidogo.

Alikuwa ameshavua saa yake. Alinyoosha mikono akauchukua mtungi, akabana pua kwa kukunja uso tu, akamimina mwenyewe, polepole, bila kumwaga tone, hadi ikazifunika punje zote.

"Funga vizuri, maitu," alisema. "Isije ikakauka."