Ndege Juu ya Tembe Letu

Mwaka jana nilifika Tabora kwa ndege, mara yangu ya kwanza, na ilipoanza kushuka nilijikuta nimeziba masikio kwa mikono yote miwili. Abiria wa kando akadhani naogopa. Yeye sikumweleza, lakini wewe nitakueleza.

Enzi za Mwingereza tuliishi karibu na uwanja wa ndege, kwenye tembe la bibi, nyumba ya udongo mpaka paa. Asubuhi tulitwanga mtama, kisha tukaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba uliopata joto mapema. Ukitulia, ulisikia nyuki porini. Halafu, kila Jumanne na Ijumaa, ndege ilipita chini chini hata ukayaona magurudumu. Mbuzi walikata kamba, watu waliacha maneno midomoni, na vumbi la paa likamwagikia chungu cha mboga.

Tulizoea, mpaka mama alipougua kifua. Hospitali walisema apumzike mahali patulivu. Kila ndege ilipopita alishtuka, akakohoa mpaka akaishiwa nguvu, huku vumbi likimwangukia kitandani. Tulimfunika kanga. Hatukuwa na jingine la kufanya.

Bibi akavaa kanga zake za kutokea, akanichukua tukaenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Hakuomba ndege zizuiwe. Aliomba tu zipite upande wa pori mpaka mgonjwa apate nafuu. Mwanangwa alimsikiliza kwa heshima, akasema yeye ana mamlaka ya ardhi, ya angani aulize bomani. Bomani karani alisema wao hufyeka nyasi za uwanja tu. Njia za ndege zinapangwa na ofisi iliyoko Dar es Salaam. Basi jirani yetu mwalimu akatuandikia barua kwa Kiingereza, kwa mwandiko wake mzuri, nasi tukangoja.

Ijumaa moja mama aliniita. Alinishika mkono, akaanza kuniambia jambo taratibu, na ndege ikapita. Niliona midomo yake ikienda. Kelele zilipoisha, akaniuliza, "Umenisikia, mwanangu?"

Nilimwona alivyochoka. Nikasema, "Nimesikia, mama."

Akafumba macho. Jumapili alifariki. Sisemi ndege ndiyo iliyomuua. Kilichomuua ni kifua.

Jibu la barua lilikuja baada ya arobaini. Mwalimu alitusomea uani, akitafsiri polepole: ofisi inasikitika kwa usumbufu, ila upande wa kutua huamuliwa na upepo.

 Bibi akauliza, "Na upepo nao uko chini ya nani?"

Mwalimu akaikunja karatasi.

Tembe limekwisha bomoka, na mwamba ule umepasuliwa kokoto. Bibi hayupo, mwalimu hayupo. Mimi miaka yote hii nimejitahidi kuishi kama mtu aliyeyasikia maneno yale. Nilimtunza bibi mpaka mwisho, nikawalea wadogo zangu, nikasoma nilipopata nafasi. Labda ndiyo aliyoniusia mama. Au labda aliniomba maji tu, nami nikabaki nimeketi.