Nyayo za Unga Mlangoni

Mama aliyekuwa akiuza vitambaa mlango wa pili kutoka kwenye duka langu la madaftari, hapa Moshi mjini, amefariki wiki tatu kabla ya Diwali. Habari nilizipata asubuhi kutoka kwa fundi wa cherehani anayeshonea barazani kwake. Hakuniamkia kama kawaida yake, alinionyesha tu mlango uliofungwa. Kufikia alasiri mama yule alikuwa ameshachomwa kwa desturi ya dini yake, na sisi Wachagga, tuliozoea msiba wa siku kadhaa wenye maturubai na masufuria, tukabaki tumesimama na kanga mabegani, hatujui twende wapi. Watoto wake wako ng'ambo na walishiriki kwa simu. Mwenye nyumba ameagiza duka libaki limefungwa, na ameongeza neno ambalo ndilo limenikalisha kuandika: mwaka huu hataki kuona uchafu wa unga na mafuta mbele ya mlango ambao hauna mtu.

Huo anaouita uchafu nitaueleza kama nilivyoelezwa na mama yule, nikiwa nimeketi juu ya majora ya vitambaa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Diwali ni sikukuu ya taa ya Wahindu. Wapo wanaoikumbuka kwa ajili ya Rama, mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao akaishi msituni miaka kumi na minne. Siku aliporudi na mke wake na ndugu yake, watu wa mji waliwasha taa kila mlango ili aione njia. Tena siku hiyo humkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, ambaye huingia kwenye nyumba iliyofagiliwa na yenye mwanga. Ndiyo maana kila mwaka, siku chache kabla ya sikukuu, mama yule alitoa kila kitu dukani, akaosha mpaka rafu za juu, na kukaanga vitu vitamu vya kugawa mtaa mzima. Asubuhi yenyewe alichora mlangoni maua ya rangi, kisha nyayo ndogo za unga wa mchele zinazotoka barabarani kuingia ndani, ili mgeni asipotee. Jioni aliwasha vijitaa vya udongo vyenye utambi wa pamba. Nilipoona hayo ni mageni sana kwangu, alinicheka. "Mwalimu, ninyi Desemba hamfagii mpaka barabarani mkisubiri watoto warudi kutoka Dar? Basi, hii ndiyo Desemba yangu."

Lakini maelezo hayo niliyapata baada ya kosa, na kosa lilikuwa langu. Mwaka wangu wa kwanza pale, nilifika asubuhi nikakuta nyayo nyeupe, ndogo kama za mtoto, zinapita mbele ya mlango wangu kwenye baraza letu la pamoja. Mimi ni mtu wa Machame, nimelelewa katika Ulutheri, na nimefundisha sayansi shule ya msingi. Hayo yote hayakunisaidia. Niliona unga, niliona nyayo zisizo na mtu, nikajua nimerogwa. Nikachota maji, nikatia chumvi, nikasugua kwa brashi huku nasali kwa sauti ili aliyenitegea asikie. Mama yule akatoka na sinia la vijitaa vyake. Aliangalia sakafu iliyolowa, akaniangalia mimi na brashi yangu. Hakunitukana. Aliingia ndani, akarudi na bakuli, akachuchumaa kwa shida maana magoti yalikuwa yanamsumbua, akaanza upya kuanzia barabarani.

"Mimi nimezaliwa Moshi, na baba yangu alizaliwa Moshi," alisema bila kuinua kichwa. "Mwaga tena ukitaka. Unga ninao."

Sikumwaga. Niliingia dukani kwangu nikajifanya napanga madaftari, na fundi wa cherehani akashona siku nzima akitabasamu peke yake. Jumamosi nilipanda nyumbani nikamsimulia mama yangu, nikitegemea anionee huruma. Badala yake alichukua panga, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, na kukata kichwa cha isale chenye majani mabichi. Kwa msomaji wa mbali: kwetu, mwenye kosa akimpelekea aliyemkosea isale, ameomba radhi, na kumkatalia ni jambo zito. Nilishuka nalo nimelifunga kwenye gazeti, nikiwa na wasiwasi kwamba mama wa Kihindi ataliona jani tu. Kumbe alilijua kuliko ninavyojua mimi nyayo za Lakshmi. Alilipokea kwa mikono miwili. "Mmechelewa kuleta," alisema, kisha akalipanda kwenye debe la samli hapohapo mlangoni. Leo isale lile limefika juu ya kitasa, na kila Diwali alilizungushia vijitaa.

Watoto wake walimwita miaka mingi akaishi nao. Alikataa kila mara, na sababu yake ilikuwa fupi: akiondoka, Diwali ikija nani atachora njia? Nilidhani ni ubishi wa uzee. Siku hizi nikipanda Machame napita nyumba nzuri za ghorofa zilizofungwa, mlinzi mmoja na mbwa, ndizi zinaiva hazina wa kukata, mwenye nyumba anakuja siku tano za Krismasi. Naelewa sasa kwamba mtu hurudi mahali ambapo kuna aliyebaki. Wahindu wangeweza kuiweka sikukuu ya taa wakati mwezi ni mpevu. Wameiweka usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, na sidhani ni kwa bahati mbaya.

Diwali ni wiki ijayo. Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu, amenikumbusha kwamba taa zile si za Mungu wetu. Nimemwambia Mungu wangu ananijua, na wala sitahama benchi langu. Ninachotaka kuwasha si ibada ya dini nyingine, ni deni la isale: mimi niliyefuta njia ile mara moja siwezi kukubali ifutwe tena kwa sababu mwenyewe hayupo kuitetea. Jirani akiondoka, yako mambo yake ambayo yalishakuwa ya mtaa, na mtaa ukiyaacha yafe haumpotezi yeye peke yake, unajipunguza wenyewe.

Kwa hiyo nimeagiza mchele kutoka mashamba ya Chekereni, nimeusaga, na fundi wa cherehani ameshasokota tambi za pamba akilalamika kwamba mkono wangu hauwezi kuchora hata kuku. Ni kweli. Nyayo zangu zitakuwa kubwa na zitapinda. Lakini zitaanzia barabarani, zitapita mbele ya mlango wangu, na zitafika kwake. Mwenye nyumba anaweza kuja na ndoo yake. Unga ninao.