Gunzi Kwenye Paipu ya Hita

Mathew Kipkurui alipima majani chai ya wenzake katika kituo kimoja cha kununulia chai karibu na Mogogosiek mpaka akastaafu. Kazi hiyo ilimwachia mgongo wa kuinama na imani moja: kwamba maji hayaaminiki. Alikuwa amewaona wakulima wenye heshima zao, wengine wazee wa kanisa, wakileta magunia yaliyonyunyiziwa maji ili yawe mazito. Alilitikisa gunia, akatega sikio, akamtazama mwenye gunia. Hakupendwa sana. Hakudanganywa sana pia.

Hita ilipofungwa bafuni kwake, ilikuwa kwa ajili ya mkewe, Chepngeno, aliyechuma chai kwenye umande tangu usichana na ambaye vidole vyake sasa vilikataa kujikunja asubuhi. Daktari alishauri maji moto. Omwenga, fundi wa mabomba aliyetoka Kisii na kuizoea baridi ya huku, alitundika tangi ukutani, akafunga vali ya usalama juu yake, na kutoka kwenye vali akapitisha paipu nyembamba hadi nje. Akaeleza kwamba maji yakipata moto hufura, na vali huyatoa kidogo ili tangi lisipasuke; mtu akioga sana, maji baridi mengi huingia kupashwa, na matone huongezeka. Mathew alisikiliza kwa adabu ile ile aliyowapa wenye magunia.

Kesho yake aliona paipu inadondoka matone.

“Mama Nelvine, hii kitu inavuja,” akamwambia mkewe.

“Haivuji. Inapumua.”

“Mimi sikununua hita ya kupumua.”

Akatangaza kwamba isipoacha, itang'olewa. Chepngeno aliingia bafuni akakaa muda ambao boma lile lilikuwa halijawahi kuona mtu akioga.

Mwingine angemwita fundi. Mathew alifanya kile ambacho watu wa kwao hufanyia kila jerikeni ya maziwa iliyopoteza kifuniko: alichagua gunzi la mahindi lenye unene wa kufaa, akalipigilia kwenye paipu kwa mgongo wa panga. Matone yakakoma. Mathew alifurahi mchana kutwa, hata akamsalimu paka.

Jumapili, ushirika wa nyumbani ulikuwa kwao. Viti vilipangwa upande wenye kivuli, nyuma ya bafu, na paipu ikawa inachungulia juu ya vichwa vya watu. Chepngeno aliwasha hita kabla ya wimbo wa kwanza ili wageni wanawe maji moto. Mzee wa kanisa, Kipkemboi, ni mwombaji wa pumzi ndefu. Aliombea mvua, mifugo na bonasi ya chai, kisha akafika pale pa kumsihi Mungu aondoe kila kitu kilichoziba baraka za boma hili.

Gunzi likatoka. Lilipita juu ya upara wake, likagonga birika la chai, na maji moto yakalifuata kwa mstari hadi kwenye maua. Waumini walisema amina kabla ya kufungua macho.

Hakuumia mtu. Birika lilibonyea.

Omwenga alipokuja, Mathew alikuwa ameshaamua kwamba hita itoke. Fundi aliligeuza lile gunzi mkononi kama mtu anayeangalia kazi ya fundi mwenzake.

“Mzee, hii ingekataa kutoka, ingetoka tangi. Na tangi haiangalii inapitia wapi.”

“Ndiyo nasema ing'oe.”

Chepngeno alikuwa mlangoni akijipangusa mikono. Akamuuliza Omwenga, kama anayepitisha wakati tu, kama paipu ingeweza kuteremshwa mpaka kwa ng'ombe, maana zizi liko hatua chache tu chini ya ukuta huo huo. Omwenga akasema inafaa hata zaidi, bora iteremke moja kwa moja na mdomo wake ubaki wazi, mahali watu wanauona. Mathew akataka kujua maji yaende kwa ng'ombe kutafuta nini.

“Kila asubuhi unachemsha maji kwa kuni ukaoshe kiwele,” Chepngeno akasema. “Hii itakuletea ya vuguvugu, bure.”

Mathew akaenda mwenyewe kutafuta ndoo.

Ndoo hiyo iko pale hadi leo, chini ya mdomo wa paipu, na Mathew huikagua kabla ya kukamua. Asubuhi nyingine huonekana akirudi nayo, haijajaa hata nusu, na kusimama nje ya mlango wa bafu.

“Mama Nelvine,” huita, “mbona siku hizi unaoga haraka hivyo?”