Vidole Ndani ya Tofali

Fundi matofali, mwimbaji wa kwaya ya Nyaishozi, hakuingia nyumba ya mtu kabla ya kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa asikilize, kama anayeubishia hodi ukuta wenyewe. Stephania, mwalimu wao wa kwaya, alishamzoea. Hata mwaka ule wa themanini na sita, walipokwenda kuimba Bukoba wakapelekwa kutazama majumba ya zamani ufukweni, wenzake wote waliligeukia ziwa. Yeye aligeukia kuta.

“Hii waliijenga Wajerumani,” mwenyeji wao alisema.

Fundi aliukaribia ukuta. Aligonga, akasikiliza, akasogea mpaka pale lipu ilipobanduka, na mkono wake mpana, wenye kucha zisizotakata hata Jumapili, ukatulia juu ya tofali moja. Gari la kwaya likapiga honi. Stephania akaenda kumwita. Tofali lilikuwa na alama za vidole vinne vya aliyelifyatua, vilivyodidimia udongo ukiwa bado mbichi, na fundi alikuwa amepachika vyake humo, kimoja kimoja, vikaenea sawasawa. Kwa mkono wa pili alivua kofia.

“Shikamoo, mzee,” akaliambia tofali kwa besi yake ya chini.

Stephania, aliyekuja kumharakisha, akajikuta anapiga goti, kama afanyavyo nyumbani akisalimia wakubwa.