Rambirambi Zangu kwa Dereva wa Bungoma

Naandika haya kabla jirani hajawaambia. Tangu nipate kijitabu changu chekundu cha leseni ya lori nimezunguka Kitale miezi mitano, na kila tajiri ananiuliza, "Umeendesha wapi?" Viatu vimeisha visigino. Alhamisi, mpakiaji mmoja wa mahindi akaniambia, "Dereva wa tajiri fulani kule Bungoma amefiwa. Lori limesimama tu." Mimi na uchovu wangu nikasikia amekufa. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi nikafika matangani nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mwanamume mrefu, macho mekundu, akanipa kiti na chai.

"Umetoka wapi?"

"Kitale. Mimi ni dereva."

"Asante kwa kuja, ndugu."

Akaenda kumnong'oneza mwongozaji wa shughuli, nami nikaitwa mbele niseme neno kwa niaba ya madereva.

Ningekataa, lakini tajiri mwenyewe alikuwa ameketi safu ya kwanza. Nikasema marehemu alikuwa ndugu yangu barabarani, na hakuna mlima uliowahi kumshinda hata lori likiwa limejaa. Wazee wakatazamana. Nikamgeukia tajiri, nikamwambia niko tayari kushika usukani wa marehemu hata Jumatatu.

Yule mrefu akainuka, akanishika bega polepole.

"Ndugu, dereva wa hilo lori ni mimi," akasema. "Aliyelala hapo ni mama yangu."